Majani Hayakunyauka

Pale kijijini Pedra Mansa, mtoto akilia bila kunyamaza hupelekwa moja kwa moja kwa Mama Idalina. Mama huyu anachukua vitawi vitatu vya mrehani, anampitishia mtoto kichwani hadi miguuni huku akinong'ona Salamu Maria. Kama ni jicho la husuda la watu, majani yananyauka papo hapo, na yeye mwenyewe anapiga miayo mpaka machozi yanamtoka. Mzigo ndio huo unatoka. Malipo hapokei, na ole wako useme asante! Ukishukuru, dawa imeharibika. Unaondoka kimya, basi.

Na ukimletea mguu uliovunjika, anakufokea: "Mimi naunga mifupa? Hebu nenda zahanati huko!"

Tangu mumewe Orozimbo afariki, miezi minane sasa, mwombeaji huyu alikuwa anakwisha. Maharage alipika ya watu wawili, akaishia kuwamwagia kuku. Usingizi ulimkimbia. Watu waliingia na mizigo yao, wakatoka wepesi, mlango ukafungwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, na wewe je? Jamani, nani amuulize mwombeaji? Alisali rozari tatu kwa siku, akaongeza ya nne. Upweke haukusogea. Siku moja akajikuta anamwomba Mungu amchukue tu, amechoka. Hapo akaogopa kwelikweli.

Mwombeaji hajiombei mwenyewe, ndiyo sheria yao. Akajitanda kitambaa, akapanda kilima kwa Tiana, mwombeaji wa upande wa pili, ambaye hawakusemezana naye miaka kumi na mmoja kwa kuitana wezi wa sala.

"Ehee! Leo mvua lazima inyeshe," Tiana akamkejeli mlangoni. "Malkia wa Pedra Mansa kwangu mimi?"

"Niombee, Tiana. Nimepigwa jicho. Utanicheka baadaye."

Tiana alipomtazama usoni, kejeli zikamwisha. Akachuma mrehani, akaomba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Majani yakabaki mabichi vilevile. Hata mwayo mmoja haukumjia.

"Huna jicho wewe."

"Angalia vizuri!"

"Nimeangalia. Unakula?"

"Kidogo."

"Unalala?"

Idalina akavuta kitambaa kufunika uso.

"Unatamani kufa?"

Idalina akaangua kilio, kilio ambacho hata makaburini hakukitoa. Tiana akamshika bega.

"Mwenzangu, mtu akivunjika mguu unampeleka wapi?"

"Zahanati."

"Basi. Sala usiache, na mimi nitakuombea kila Ijumaa. Lakini hili linamtaka mwenye kazi yake. Inuka, nakusindikiza."

"Watasema nimerukwa na akili."

"Waache waseme! Mimi uliniita mwizi, nimekufa?"

Mshauri wa pale zahanati alikuwa binti mdogo tu, Jussara. Hakuwa na majani wala maji ya baraka. Aliuliza swali moja, kisha akatulia kusikiliza. Idalina akasema habari za Orozimbo, za maharage, za mlango unaofungwa. Hata ile dua ya kuchukuliwa akaisema, kwa sauti ndogo, akiangalia viatu vyake. Saa nzima ikapita. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo tangu msibani.

Mara akamwona binti anaziba mdomo. Mwayo, tena mrefu, na machozi yakamlengalenga.

"Nisamehe, mama, jamani!" Jussara akaona haya. "Si kwamba nimechoka kukusikiliza."

Idalina alimkodolea macho. Kifua chake kilikuwa chepesi kidogo, kidogo tu, lakini alikisikia.

"Piga, mwanangu," akasema. "Usiuzuie."

Binti akamwandikia siku ya kurudi. "Jumanne, mama, utakuja?"

Idalina aliitikia kwa kichwa. Nyumbani kungali kimya, alijua, na sufuria ya maharage inamsubiri. Mlangoni akageuka, asante imeshamfika mdomoni. Akaimeza, akatoka kimya, asije akaiharibu dawa.