Polepole ya Nani?

Sogea karibu nikueleze, wewe unayejifunza kuandika barua za Kiingereza. Kuna maneno mawili ambayo hadi leo nikiyaona nayasoma mara mbili: «phase out». Maana yake si ngumu: ni kukomesha utaratibu fulani hatua kwa hatua. Ni lugha ya ofisi, sokoni huisikii.

Mimi niliyakuta kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kwenye ubao wa matangazo. Kwanza likaondoka soko, kisha shule. Tuliambiwa ni polepole. Asubuhi moja malori ya kuturudisha kwetu yakawa mlangoni.

Miaka mingi baadaye, hapa Rumonge kando ya ziwa, akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wa huku kwetu, waliniomba niwaandikie barua. Proje moja, yaani mradi, ilitaka waache kuanika mchangani, watumie vichanja vya waya. Walikubali, ila vichanja vilikuwa vichache. Nikaandika, kwa fahari kidogo, kwamba wako tayari ku-phase out uanikaji wa mchangani. Kiingereza hakikuwa na kosa.

Mkubwa wao, aliyerudi kutoka kambi ile ile, akataka nimsomee. Nilipofika kwenye maneno yale mawili, akaishika karatasi.

«Mwalimu, iyo neno naijua. Iko ya kwenye ubao.»

«Mama, maana yake ni polepole tu.»

«Polepole ya nani? Kesho nikute polisi mu muchanga, ndagala yangu nitaianika mu kitanda yako?»

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, nami sikuweza. Nilisoma tena. Barua haikusema uanikaji ungekoma lini, wala nani angengojwa. Ningeituma vile, ningewafukuza pwani kwa mkono wangu mwenyewe.

Tukaongeza mistari: anayepata kichanja ahame, asiyepata abaki mchangani, asiguswe, mpaka chake kifike.

«Mimi uniandike wa mwisho,» akasema. «Nione wote wamehama.»

Barua bado iko ofisini kwa proje, jibu halijaja. Kila pikipiki ngeni ikisimama pwani, tunageuka sote, mikono ikiwa imejaa ndagala.

Hata hivyo usikiogope kitenzi hiki, utakiweza. Ukikiandika, taja hapo hapo kinachoondoka, kinachokuja badala yake, na nani atangojwa. Kisha, kabla hujatia sahihi, msomee kwa sauti yule ambaye kitamgusa.