Nilimwaga samadi mvuani, akaonywa mzee wa watu

Jamani, kosa ni langu! Nimelibeba tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, leo nalitua.

Nilikuwa nauguza wazee hapa London, na siku za mapumziko nalima kishamba cha kukodi karibu na Rayners Lane. Jirani yangu wa upande wa bondeni alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Ndiye aliyenidhamini kwenye kamati ya mashamba hayo nikapewa kipande.

Masharti yalikuwa wazi: samadi ya majimaji isimwagwe wakati wa mvua. Nikacheka! Mimi Mchagga nifundishwe samadi? Kwetu tunachimba mfereji kutoka zizini, maji yanaisukuma mpaka migombani. Wazungu wanajua nini!

Basi nikapata madumu sita ya samadi ya ng'ombe. Nikachimba mfereji wangu, nikangoja mvua kubwa, nikamwaga yote.

Weee! Iliupita mchicha wangu kama haijauona. Ikateremka moja kwa moja hadi kwa mzee, ikatuama juu ya kotmiri na uwatu wake, nyingine ikaingia kwenye kijito. Mtaa mzima ulinuka zizi.

Kamati ilipokuja ikakuta dimbwi kwake. Akapewa barua ya onyo: ajieleze ndani ya wiki moja, la sivyo ananyang'anywa shamba alilolianzisha na marehemu mkewe. Nami nimesimama palepale na mwavuli wangu, kimya! Naona aibu mpaka leo.

Siku ya tano nikashindwa, nikamfuata.

"Shikamoo mzee. Ile samadi ni yangu."

"Marahaba. Najua, mwanangu. Samadi haipandi mlima."

"Sasa mbona hukuwaambia?"

"Nimekudhamini mimi, nikuchongee mimi? Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Nililia, halafu tukacheka mpaka akakohoa. Nikaenda kukiri kwenye kamati. Barua yake ikafutwa, kipande changu kikachukuliwa.

Jumamosi nikaenda kumuaga. Akanipa jembe.

"Unaaga uende wapi? Anzia pale kwenye kotmiri uliyoiua."

Wenzangu mnaolima huku, someni masharti, hata kama mmezaliwa zizini! Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa siku tano, nikamlimia mzee miaka minane, akinisimamia kama nyapara. Kamati ilipokuja kunirudishia kipande changu, nilikikataa.