Kompyuta Iliyoanikwa Juani Nyarugusu

Wachimbaji wa Nyarugusu walikuwa na utani wao juu ya Scolastika Mbuke. Walisema Mungu alimuumba na shingo ndefu, mashine ya chapa ikaja kuifupisha. Mwenyewe hakubisha. Kila msimu wa pamba ulipokwisha aliipandisha mashine yake ya chuma kwenye basi la Kahama, akaishusha, akaipandisha kwenye lori la kwenda machimboni, na pale ambapo lori lilishindwa kuendelea akaitwika kichwani juu ya kata ya khanga, akalivuka vumbi kama mtu aliyebeba kinu.

Zamani alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya ushirika wa pamba mjini Shinyanga. Wanunuzi binafsi walipoingia kwenye biashara ya pamba, ofisi ikapunguza watu, na Scolastika akawa miongoni mwao, mjane mwenye mtoto mmoja, Donatus. Wenzake wengi walirudi kulima. Yeye alijiuliza ni nani wanaohitaji maandishi kuliko wote na hawana wa kuwaandikia, na jibu likamjia: wachimbaji. Mtu anateremka kwa kamba ndani ya duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, anashinda huko gizani akigonga mwamba, na mgawo wake wa mawe unalindwa na neno la mdomo tu. Dhahabu ikionekana, mdomo unasahau. Mtu anayehatarisha uhai wake namna hiyo hastahili walau jina lake kwenye karatasi? Scolastika aliona anastahili, akaenda kumwandikia.

Tatizo lilikuwa moja. Kundi la duara halitulii. Leo mmoja anaugua na kurudi kwao, kesho mwingine anaingia mahali pake, na kila badiliko lilimlazimu Scolastika kuchapa ukurasa mzima upya, tangu herufi ya kwanza.

Ndiyo maana mwaka 1996 aliuza mitamba wawili alioachiwa na baba yake, akaenda dukani kwa Liaquat, mzee aliyekuwa akimuuzia tepe za mashine miaka yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Donatus. Utepe tena?"

"Leo sitaki utepe. Nasikia umeleta kompyuta za kubeba."

Liaquat aliweka kikombe chake cha chai mezani. "Mji huu! Mimi mwenyewe sijamwambia hata mke wangu."

Zilikuwa mbili, zote zimetumika, zimetoka Dar es Salaam kwa ndugu yake. Moja ilikuwa pana na nzito, ina kioo cha rangi kilichong'aa kama bwawa la Songwa wakati wa asubuhi. Nyingine ilikuwa ndogo, unene wa kitabu cha nyimbo, na kioo chake chembamba kilionyesha mistari michache tu ya herufi nyeusi.

"Andika jina lako," Liaquat alimwambia, akimsogezea ile ndogo.

Akaandika: Scolastika Mbuke.

"Sasa rudi mwanzo, tia 'Mama' mbele."

Alipoigusa batani ya kwanza, jina lake lilisogea. Kila herufi aliyoongeza, jina lilisogea tena, taratibu, kama watu waliokaa kwenye benchi wanapompisha mgeni. Scolastika aliondoa mikono, akaiweka mapajani.

"Limesogea lenyewe," alinong'ona.

"Litasogea mpaka uchoke wewe."

Alikumbuka kurasa zote alizochapa upya kwa sababu ya jina moja, na vidole vilivyovimba, na karatasi zilizotupwa. Kumbe ulimwengu ulikuwa na kitu kama hiki, na kilikuwa kimewekwa maofisini mwa wakubwa, kimefunikwa vitambaa! Macho yake yaliloa, akajifanya anakuna kope.

Lakini ilibidi achague. Ile kubwa ingemeza mitamba wote wawili. Ilikuwa na heshima, mwenye duara akiiona angekaa vizuri kwenye kiti. Ndogo ingebakiza kidogo kwa ada ya Donatus, ila ilionekana kama kitu cha kuchezea.

"Hii kubwa inakula nini?" aliuliza.

"Umeme. Bila umeme haimalizi hata saa mbili."

"Na hii?"

"Betri. Zile ndogo za redio ya mfukoni, nne." Liaquat alicheka. "Lakini usije ukanilaumu kwamba nimekuuzia redio. Ichukue ukaijaribu. Ikikufaa, tutaongea. Ikiharibika mkononi mwako, tumeshaongea, ni yako. Na betri zikilegea, usizitoe kabla hujamaliza kazi. Mimi sina hakika kama maneno yatabaki."

Machimboni hapakuwa na umeme, ila jenereta ya baa. Akaichukua ile ndogo, akaifunga kwenye khanga. Njia nzima hadi Nyarugusu aliipapasa kama mtu aliyebeba mayai. Akikosea, hakuna mitamba wengine.

Mageni, kiongozi wa duara moja lililokuwa karibu kufika kwenye dhahabu, alimngoja mbele ya turubai lake. Mwenye duara alikuwa anakuja jioni ile kutia saini makubaliano, na kesho yake angesafiri.

"Mwangaluka, mayu," Mageni alimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama. "Mzigo uko wapi?"

Scolastika alifungua khanga. Wanaume wakasogea. Mmoja wao, Ngassa, mwenye redio ndogo iliyoning'inia shingoni, aliangua kicheko.

"Mama Chapa, hiyo si sahani ya kulia ugali?"

"Kaa kimya uone," alisema Scolastika, akaanza.

Aliandika majina yao na mgawo wa kila mmoja. Wakamwambia Athanas ameondoka juzi. Akamfuta, na majina ya chini yakapanda kuziba nafasi yake. Mtu mmoja akasema, "Athanas katoka hata damu haikumwagika!" Wakacheka mpaka wa maduara ya jirani wakaja. Kila mmoja alitaka aone jina lake likihama na kurudi. Mageni, mtu mzima mwenye mikono migumu kama kwato, aliinama akakitazama kioo muda mrefu, akavua kofia.

Karibu na adhuhuri kioo kikaandika onyo: betri zimelegea.

Katika duka la machimboni zilibaki betri kubwa za tochi tu. Macho yote yakamgeukia Ngassa na redio yake.

"Leo kuna mpira," Ngassa alisema, akiishika redio kwa mikono miwili. "Niombeni kitu kingine."

Basi Scolastika akakumbuka anachofanya kila mtu wa huko betri zikilegea: huzianika juani, zikapata nguvu kidogo. Ila Liaquat alimkataza kuzitoa. Akafikiri kidogo, kisha akaichukua kompyuta nzima, betri zikiwa ndani, akailaza juu ya bati, wazi, ikitazama jua la saa saba.

Hakuna aliyemzuia. Wote waliona ni jambo la akili.

Alipoirudia, bati lilikuwa linaunguza. Aliibeba kwa khanga, akabonyeza pa kuwashia. Kioo chote kilikuwa cheusi. Hapakuwa na herufi wala mstari, weusi mtupu, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Umeikaanga, mayu," Ngassa alisema, safari hii bila kucheka.

Scolastika alikaa chini kwenye udongo. Aliwaona mitamba wake wawili, yule wa madoa na yule mwekundu, wakiingia ndani ya weusi ule mmoja nyuma ya mwingine. Makubaliano ya watu wale yalikuwa humo, na mashine ya chapa aliiacha Shinyanga. Akainua mkono aitikise.

"Usiitikise!" Mageni alimshika kiwiko. "Mtu akizidiwa na joto chini, akipandishwa juu, tunamtikisa?"

"Hatumtikisi," wenzake wakajibu.

"Tunafanyaje?"

Wawili waliteremka duarani, wakapandisha mfuko wa mawe yaliyokuwa yametoka kuvunjwa, bado yana baridi ya chini ya ardhi. Wakauweka kivulini ndani ya turubai, wakatandika khanga juu yake, wakailaza kompyuta pale jinsi wanavyomlaza mwenzao. Kisha wakatoka nje, kwa sababu aliyezidiwa hasongwi. Walikaa wakimsikiliza mtangazaji wa mpira kwenye redio ya Ngassa, aliyeipunguza sauti bila kuambiwa.

Wa kwanza kuchungulia alikuwa Mageni. "Mayu," aliita taratibu. "Njoo."

Weusi ulikuwa umeanza kurudi nyuma. Ulianzia pembeni, ukafifia kuwa kijivu, kama ukungu unavyoondoka juu ya majaruba ya mpunga, na ndani ya ule ukungu herufi zikatokea. Mgawo. Mawe. Mageni. Jina moja, kisha jingine, kila moja mahali pake, halikupotea hata moja. Wanaume walipiga magoti kuuzunguka mfuko.

"Mimi nimo?" aliuliza mmoja asiyejua kusoma.

"Umo."

"Na mimi?"

"Wote mmo," Scolastika alisema. Juu ya kioo, lile onyo la betri halikuwepo tena.

"Zimeshiba jua," Ngassa alisema. Akaifungua redio yake, akatoa betri, akampa. "Shika hizi za akiba. Mpira wenyewe tunafungwa."

Jioni mwenye duara alisoma makubaliano kwenye kioo, akayanakili kwa mkono wake mwenyewe, akatia saini mbele ya wote.

Scolastika aliporudi Shinyanga alimsimulia Liaquat yote. Mzee alishika kichwa.

"Umeanika kompyuta?"

"Kama dagaa."

"Ya Rabi! Na sasa unataka ile ya rangi?"

Scolastika aliitazama ile kubwa iliyong'aa kwenye meza. "Hiyo nayo ikilazwa juu ya mawe inaamka?"

"Sijui," Liaquat alikiri. "Sijawahi kuianika."

"Basi nipe niliyoijua."

Walimalizana, akaifunga kwenye khanga ileile, akaaga. Nje ya mlango, bila kufikiri, alikunja kata, akaitwika kichwani.

"Mama Donatus!" Liaquat alipiga kelele kutoka dukani. "Hiyo ni ya kushika mkononi!"

Alisikia, lakini hakuishusha. Alipita hivyo mbele ya maduka yote ya soko, shingo imenyooka.