Shemeji Aliyejipunguza Damu

Shemeji yangu alivuja damu puani mpaka kanga mbili zikalowa, na mimi nilikuwa nimemfuata nimkabe koo.

Subirini niwaeleze.

Ilikuwa miaka ile soko huria limefunguliwa. Kila mwenye meza na kufuli pale Bariadi alifungua duka la dawa. Constantine, mume wa dada yangu, jana alikuwa anapima pamba, leo anaitwa dokta. Dokta wa nini? Hata neno panadoli alilisoma kwa kusuasua!

Mama yangu, Nyanjige, damu ilimganda mguuni. Hospitali ya Mwanza wakampa kopo la vidonge vya warfarini, wakamwonya: ukiacha, donge linaweza kupanda kwenye mapafu, ukafa.

Constantine akalishika lile kopo.

"Mayu, mama mkwe wangu, hii ni dawa ya kupunguza damu. Ulivyokonda hivyo, unayo ya kupunguza?"

"Yaya, sina," mama akakataa kwa Kisukuma, hofu imemjaa.

Jamaa akaondoka na kopo, eti akalitupe. Akaamuru mama ale nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, asubuhi na jioni, aongeze damu.

Mguu ukavimba upya. Kisha mama akaanza kuhema kama aliyepanda mlima.

Nikatoka mbio hadi dukani. Nikamkuta dokta wetu ameziba pua kwa kanga ya dada. Kopo la mama liko mezani, limebaki nusu.

"Si ulisema unalitupa?"

"Hospitali waliniambia nina damu nyingi," akajibu sauti ikitokea puani. "Nikaona nipunguze."

Mungu wangu! Mtu kaambiwa ana presha, kaelewa pipa limefurika.

Tukawapeleka wote wawili hospitali. Daktari Generoza alipomaliza kuwahudumia, akatukalisha.

"Warfarini haipunguzi damu. Inaichelewesha kuganda. Ikizidi unavuja, ikiwa ndogo donge linarudi, ndiyo maana tunawapima mara kwa mara. Msichanganye na aspirini bila kuuliza. Na mboga za majani, mabichi au makavu, mle kiasi kilekile kila siku. Mkiyazidisha ghafla, dawa inashindwa."

Mama alipona, ila mguu ule anauburuta mpaka leo. Hilo silisamehe.

Constantine kitandani akainua kichwa.

"Kwa hiyo dokta, damu yangu haikupungua?"

"Damu ipo, shemeji," nikamjibu. "Kilichopungua ni akili."

Ndugu zangu, dawa ya mwenzako si yako. Na usipoelewa inafanya nini, muulize aliyekuandikia, siyo aliyefungua duka juzi.