Punje Nyekundu za Chemchemi

Niliajiriwa kuosha mchanga. Msinicheke, ilikuwa kazi. Mtaalamu wa miamba alikuja Karatu, nami nikawa mtu wa kuzungusha karai majini mpaka mchanga mwepesi uondoke, zibaki punje nzito. Alisema kila mlima una punje zake. Ukizipima maabara, madini yaliyomo ndani yanakwambia zilikotoka.

Nilimsikiliza kwa ajili ya dada yangu. Masika yaliyopita tope lilifukia chemchemi yetu akiwa anachota maji. Tulimfukua kwa majembe, amekwisha kufa. Kijiji kizima kikasema ni ng'ombe wa mzee mmoja Mmaasai, aliyelishia kwenye mteremko wa juu, upande wa Ngorongoro. Kwato zao, walisema, zimelegeza udongo. Baba alikuwa amekunywa maziwa kwa mzee yule miaka nenda rudi, lakini ndiye aliyetangulia na fimbo. Wakamvunja mzee mguu, akahamia Enguserosambu, mbali kwa Wamaasai wenzake.

Basi nikachota tope la chemchemi, mchanga wa malishoni, na wa shamba letu kilimani. Karai la chemchemi lilibaki na punje nyekundu. Za malishoni zilikuwa nyeusi tupu. Za shamba letu zilikuwa nyekundu vilevile, nikampa mtaalamu zote azipeleke maabara.

Jibu la maabara lilipokuja, mtaalamu alinionyesha kilima kwa kidole. Tope lilikuwa la kwetu. Mimi na baba tulikifyeka kilima kile mpaka kileleni, tukalima bila matuta ya kuzuia udongo, sisi ambao babu zetu walisifika kwa matuta! Haraka ya nini, jamani?

Nilimwambia baba. Akaweka jembe chini. "Ukisema, umenizika na mimi."

Nikanyamaza. Mwoga mkubwa mimi. Niliponyamaza hadi usingizi ukanikataa, ndipo nikafunga safari.

Enguserosambu nilimkuta mke wa mzee. Alinitambua, akanipa maziwa kabla sijasema neno. Mumewe alikuwa amefariki, mguu uliooza ndio uliomuua.

"Alikuachieni mtamba," akasema. "Fidia ya dada yako. Alikufa akiamini ni ng'ombe wake."

Niliweka maziwa chini, nikamwita mama kwa Kimaasai. "Yeyo, si ng'ombe wake. Ni shamba letu."

"Ulijua lini?" akauliza.

"Maharage yalipochanua."

"Wakati huo alikuwa hai," akasema. "Kila siku alikuwa akiuliza kama kuna mtu amekuja kutoka Karatu."