Injini Isiyo na Mchezo

Mama huyu ni mchoraji, na mumewe ni fundi wa injini. Usidhani ya gari. Ni programu ya kuendeshea michezo ya kompyuta, ile ya kubofya ufunguo, kubofya mlango, ukaingia. Mchezo wenyewe hana. Injini ikikaribia kwisha huifuta akaianza upya, akitwanga maji kinuni huku anapuliza kipanya kama uji wa moto. Ikienda, ni "injini yangu." Ikikwama, "injini yetu." Vyumba vyote vya mchezo unaongojwa kavichora mkewe kwa mkono, na sasa mchapishaji wa vitabu vya watoto anazitaka picha hizo.

"Baba watoto, leo ndiyo mwisho wa kumjibu. Nionyeshe tu jiko nililochora likiwa ndani ya mchezo, nimkatalie."

Mume akabofya. Kikatokea kijitu kinatembea kwenye ukijivu mtupu, hakuna jiko wala dirisha.

"Picha zako injini mpya haizisomi bado. Lakini hebu ona kinavyogeuza shingo!"

Mke akaiangalia ile shingo. Kisha akakusanya picha zake zote, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mwenye vitabu."

"Haya," akajibu, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Ukirudi utakuta na mabega yanageuka."