Lwaboshi Asipige Magoti

Vénérande alikuwa na hasira kwa jambo ambalo huwezi kulishtaki polisi: adabu.

Kwao Bukavu, Kongo, mtu akiitwa mbele ya wakubwa hupiga magoti kwanza, huomba msamaha kwa kuwasumbua, ndipo aanze kujieleza. Mumewe Lwaboshi, shemasi wa kanisa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na mbeba magunia katika ghala moja la Kanengo, mtaa wa viwanda wa Lilongwe, alifanya hivyohivyo mbele ya hakimu wa Lilongwe mwaka 2009. Waya za umeme zilikuwa zimepotea ghalani. Hakimu aliposikia msamaha hakungoja maelezo. Aliandika kwamba mshtakiwa amekiri, akampa miaka mitatu na kazi ngumu. Valentin, Mrundi aliyekamatwa naye kwa waya zilezile, alikana akiwa wima. Ushahidi ukakosekana, naye akaachiwa.

“Yaani mwenye heshima njo anafungwa?” Vénérande aliwauliza wateja wake, akikanyaga cherehani kama anamkanyaga hakimu mwenyewe. Wapo waliomshauri avumilie, eti mkimbizi hashindani na serikali. Hao aliwamalizia nguo zao akawakabidhi na kuwaonyesha njia.

Akafunga kibanda, akashika njia ya Lilongwe. Gerezani alimkuta Mphatso, dada wa Kimalawi aliyezunguka humo kuwasaidia wafungwa wasio na wakili. Mphatso alisoma hukumu, akasonya. Mahakama Kuu inaweza kuipitia upya, alisema, ila jaji atamuuliza Lwaboshi kama aliiba. Akipiga magoti tena, hakuna wa kumwokoa.

Kumbe kazi kubwa ilikuwa Lwaboshi mwenyewe.

“Mama Douce, mi ni mutu wa kanisa,” alisema nyuma ya wavu wa wageni, akimwita mkewe kwa jina la binti yao. Alikuwa amekonda hadi shati linamning’inia. “Nisimame mbele ya mukubwa kama jogoo?”

“Papa Douce, Valentin alisimama. Saa hii iko kwake, anakula nsima na batoto yake. We unakula nini humu?”

Tangu hapo, kila siku ya wageni, Vénérande alijifanya jaji. Alikunja uso, akauliza kwa sauti nene, na magoti ya mumewe yakianza kulegea anaupiga wavu kofi. Askari magereza walicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka hata kidogo.

Siku ya Mahakama Kuu ikafika. Jaji aliuliza, mkalimani akatafsiri, na Vénérande akayaona magoti yale yanaanza kushuka. Hapo hapo yeye akainuka kutoka benchi lake, akasimama wima. Askari akamwamuru akae. Akajifanya haelewi Kichewa. Lwaboshi alimtazama mkewe aliyesimama, akajinyoosha taratibu.

“Mi sikuiba,” alisema. Sauti ilisikika hadi mlangoni.

Jaji akasema kuomba msamaha si kukiri kosa, na kwamba hakuna aliyewahi kumsikiliza mtu huyu. Akaifuta hukumu. Vénérande alilia kwa furaha mbele ya watu, hakuona haya.

Nje, Lwaboshi alisita kuingia kwenye gari la kurudi kambini.

“Mama Douce, kule gereza nimeacha bengine. Baliomba musamaha kama mi.”

“Najua,” alisema Vénérande, akijifuta uso. “Siku ya bageni tunarudi. We njo utabafundisha kusimama.”